Ndizi za Stooni: Uchambuzi wa Kisa cha Klinostati ya Kisumu

Siku ya tano asubuhi tulifungua katoni mbili. Katika ya kwanza, ndani ya kikombe cha plastiki kilichokuwa kikizunguka polepole tangu Jumatatu, miche ya ndengu ilikuwa imejikunja kama ndoana. Mashina yalikuwa ya sentimita 3 hivi, manene kuliko kijiti cha kiberiti. Katika ya pili, iliyokaa juu ya meza ya maabara, ndengu za mfuko uleule zilizolowekwa usiku uleule zilikuwa zimerefuka hadi sentimita 11, nyembamba, nyeupe, zimesimama wima. Wanafunzi walishangilia. Zilibaki wiki tatu kabla ya maonyesho ya sayansi, na hii ilikuwa tofauti ambayo hata mtu aliyesimama mlangoni angeiona.

Nakieleza kisa hiki kwa kirefu kwa sababu vipimo vyetu vilikuwa sahihi na tofauti ile ilikuwepo kweli, lakini maelezo tuliyokuwa tayari kuyaandika chini yake, kwamba ni kukosa uzito, yalikuwa ya uongo. Ni kosa ambalo limewahi kunyemelea vyombo vya mamilioni ya dola vinavyozunguka Dunia. Kwetu lilitokea katika stoo ya shule moja ya sekondari hapa Kisumu, ambako mimi, mwalimu mstaafu wa biolojia, huenda kusaidia klabu ya sayansi.

Kifaa chenyewe

Klinostati, kifaa cha kuzungusha mmea polepole, si jambo geni. Mtaalamu wa mimea wa Kijerumani, Julius von Sachs, alikuwa nayo katika karne ya 19, kabla mtu yeyote hajavuka hewa ya Dunia. Katika ncha ya mzizi mna seli zenye chembe nzito za wanga. Chembe hizo huzama hadi chini ya seli, na kwa kuzama kwake mzizi hutambua chini ni wapi. Ukiulaza mche na kuuzungusha polepole kama nyama ya kuchoma kwenye mshikaki, chembe zile hazipati muda wa kutulia upande mmoja. Dunia bado inavuta kwa nguvu zake zote, ila mmea unakuwa umepoteza dira. Ndiyo maana kifaa hiki hutumiwa kuiga, kwa kiasi fulani, hali ya kutokuwa na uzito. Ofisi ya Umoja wa Mataifa ya Masuala ya Anga za Juu imewahi kugawa klinostati kwa shule na taasisi za nchi nyingi, ili watoto wasiokuwa na roketi nao waonje utafiti huu.

Yetu tuliiunda wenyewe. Mota ilitoka kwenye maikrowevu iliyokufa, ile mota ndogo bapa inayozungusha sahani ya kioo. Tuliinunua kwa fundi mmoja karibu na soko la Kibuye. Imeandikwa mgongoni 2.5/3, maana yake kwa stima yetu ya hezi 50 inazunguka mara 2.5 kwa dakika. Wanafunzi waligundisha kitako cha kikombe kwenye ekseli yake, wakatandika shashi yenye maji ndani, wakapanga ndengu kumi, wakazishikilia kwa kipande cha neti. Kisha mota ikalazwa ili kikombe kizunguke kikiwa ubavu. Katoni ilipakwa rangi nyeusi ndani na kutobolewa matundu madogo yaliyozibwa kwa pamba, kwa kuwa mwanga ungezielekeza ndengu na hatukutaka ziwe na kiongozi wa aina yoyote.

Sasa linakuja jambo lililoamua kila kitu, na wakati ule lilionekana dogo mno. Maabara ile huzimwa stima kwenye swichi kuu kila jioni. Stoo peke yake ina laini yake, kwa ajili ya friji. Kwa hiyo katoni ya mota ikaenda stoo. Rafu ya stoo ilikuwa na nafasi ya katoni moja tu, na ile ya kulinganishia haikuhitaji stima, basi ikabaki kwenye meza ya maabara. Ndengu zilezile, maji yaleyale, giza lilelile. Tukaona imetosha.

Swali la msichana mmoja

Wenzake walipokuwa wakitafuta simu wapige picha, msichana mmoja wa kidato cha tatu alibaki ameinamia kikombe.

"Mwalimu, kupotea njia naelewa. Lakini zimenenepa kwa nini?"

Sikuwa na jibu. Kila kitabu kingetuambia kwamba miche iliyo kwenye klinostati itaelekea huku na kule. Hakuna kilichotuahidi mashina mafupi na manene. Na nilikumbuka jambo lililozidi kunitia wasiwasi: mimea ikizungushwa kwa kasi kubwa kwenye sentrifuji, ikapewa uzito unaozidi wa Dunia, ndipo mashina hufupika na kunenepa. Ndengu zetu zilikuwa kama zinasema tumeziongezea uzito, wakati sisi tulidai tumeziondolea uzito wote.

Tukapiga hesabu ubaoni. Kikombe kinazunguka mara 2.5 kwa dakika, na ndengu ziko sentimita 3 kutoka katikati. Msukumo unaotokana na mzunguko huo haufiki hata sehemu 1 kwa 4,000 ya uzito wa kawaida. Hiyo ikafutwa.

Mvulana mmoja akasema ni joto. Hoja nzuri, kwa sababu mota ilikuwa ya vuguvugu ukiigusa. Kipimajoto kikatupa nyuzi 28 ndani ya katoni ya mota na 26 katika ile nyingine. Lakini ndengu hupenda joto. Nyuzi mbili zaidi zingezirefusha. Halafu mtetemo. Ukiweka kiganja juu ya katoni ulisikia mota inavuma kwa mbali, na huo hatukuweza kuufuta wala kuuthibitisha. Nikauandika ubaoni na alama ya kuuliza.

Ni msichana yuleyule aliyeinua kikombe akakinusa. Akaninyooshea. Shashi ilikuwa inanukia ndizi.

Harufu hiyo nilikuwa nimeisikia Jumatano, nilipoingia stoo kukagua kama mota inazunguka. Niliisikia na nikaipita. Hilo linanisumbua kuliko mengine yote katika kisa hiki, kwa sababu miaka thelathini nimewafundisha watoto kwamba pua nayo ni kifaa cha maabara.

Nikamwita mhudumu wa maabara, ambaye shule nzima inamwita Mama.

"Mama, humu stoo mna ndizi?"

"Zimo, Mwalimu. Hapo chini ya rafu. Nilizitoa Kibuye Jumapili zikiwa kijani kabisa, nikazivumbika kwa gunia."

"Na zimeiva siku nne tu?"

"Niliweka mbili zilizoiva katikati. Ukiziacha peke yake zinachelewa. Ukitia iliyoiva, zinaambukizana."

Zinaambukizana. Ukimtafuta profesa akueleze jambo hili kwa neno moja, sidhani atapata lililo bora. Tunda linaloiva hutoa gesi iitwayo ethilini, na gesi hiyo huyaamuru matunda ya jirani nayo yaive, yatoe gesi yao, yaamuru mengine. Harufu ya ndizi yenyewe si ethilini; harufu ni ya kemikali nyingine. Lakini ziko safari moja.

Baadhi ya wanafunzi walitaka kumlaumu Mama. Niliwakataza pale pale. Stoo ile ni mahali pake pa kazi. Sisi ndio tuliingia na katoni yetu bila kuuliza kuna nini chini ya rafu.

Gesi ileile, mahali pengine

Mwaka 1901 huko St. Petersburg, mwanafunzi wa mimea aitwaye Dimitry Neljubow aligundua kwamba njegere alizootesha gizani ndani ya maabara zilikuwa fupi, nene, tena zinalala ubavu badala ya kusimama. Akizitoa kwenye hewa ya nje, zinakua vizuri. Siku hizo taa ziliwaka kwa gesi ya mabomba, na ndani ya gesi hiyo ndimo alimoikuta ethilini. Dalili hizo tatu, ufupi, unene na kulala ubavu, wataalamu wa mimea hadi leo huzitumia kuitambua gesi hii.

Tazama sasa jinsi mtego wetu ulivyokuwa umetegwa. Dalili ya tatu, kulala ubavu, ndiyo hasa tuliyoitarajia kutoka kwa klinostati. Ethilini ingeweza kutupa nusu ya jibu tulilolitamani, na tungelipokea kwa mikono miwili. Giza tulilolitengeneza kwa uangalifu ndilo lililoifanya gesi ionekane waziwazi. Kila hatua tuliyoichukua kwa usahihi iliupendezesha uongo.

Kwa msomaji mkulima wa huku kwetu, nieleze kidogo kabla ya kuendelea. Gesi hii ndiyo Wamarekani waliyoidunga ardhini katika majimbo ya Carolina kupambana na striga, lile gugu la maua ambalo Wajaluo huliita kayongo. Mbegu za gugu hilo zikisikia ethilini huota zikidhani mahindi yapo karibu, hazipati mzizi wa kunyonya, zinakufa. Mtu aliyewahi kuona shamba la mtama limegeuka zambarau kwa kayongo ataelewa kwa nini siwezi kulitaja neno ethilini bila kulikumbuka hilo.

Sasa twende angani. Kati ya 1996 na 1997, ndani ya Mir, kituo cha anga cha Warusi, kulikuwa na kitalu kidogo kiitwacho Svet, kazi ya Wabulgaria, kilichokuwa kimefika huko mwaka 1990. Humo ilipandwa ngano fupi. Ikaota, ikarefuka, ikatoa masuke. Masuke yaliporudishwa Duniani yakakutwa matupu, hata punje moja hamna. Hebu jiweke mahali pa wale watafiti. Ngano imekaa miezi bila uzito na haikuzaa. Sentensi ya kwanza inayokujia ni kwamba bila uzito ngano ni tasa, na baada ya hapo unaanza kuwaza kama binadamu ataweza kamwe kulima nje ya Dunia.

Chanzo kilikuwa hewa. Ndani ya Mir ethilini ilikuwa imezidi sehemu 1 kwa milioni, kiasi kinachotosha kuharibu chavua. Walipoiweka ngano hiyohiyo Duniani, yenye uzito wake wote, katika hewa yenye ethilini kama ile, nayo ikatoa masuke matupu. Baadaye ngano ya aina nyingine, Apogee, ilipandwa katika kitalu kilekile na ikazaa punje.

Kuna sababu ya ziada inayofanya gesi iwe hatari kule. Duniani hewa ya moto hupanda na ya baridi hushuka, kwa hiyo hata chumba kilichofungwa huwa na mwendo mdogo wa hewa. Kusiko na uzito hakuna kupanda wala kushuka. Kile anachokitoa mmea hubaki kimeuzunguka kama blanketi mpaka feni ikiondoe. Ndiyo maana vitalu vya angani vina feni kila mahali, na ndiyo maana miaka ya 1990 watu wa Chuo Kikuu cha Wisconsin walikiwekea kitalu chao cha Astroculture njia ya kuiua ethilini: hewa inapitishwa juu ya oksidi ya titani inayomulikwa kwa mwanga wa urujuanimno, na gesi inageuka kuwa maji na kaboni dayoksaidi. Kitalu kikubwa cha Wamarekani kilichofika Kituo cha Kimataifa cha Anga mwaka 2017 kina vihisio zaidi ya 180, na hewa ni mojawapo ya mambo yanayochungwa humo usiku na mchana.

Kikombe cha pili

Watu wakisifu vyombo hivi husifu taa na kamera. Mimi ningesifu kwanza sehemu ambayo wageni huipita: kile kisentrifuji kidogo kilichomo ndani ya chombo chenyewe.

Mwaka 1983, katika safari ya Spacelab 1, maabara iliyobebwa ndani ya chombo cha anga, mtafiti Augusto Cogoli wa Zürich alipeleka angani seli nyeupe za damu ya binadamu, zile zinazopigana na magonjwa. Seli hizo zikichokozwa kwa kemikali maalumu huamka na kuanza kugawanyika. Angani ziliitikia kwa chini ya asilimia 3 ukilinganisha na zilizobaki Duniani. Habari nzito. Lakini zile za kulinganishia zilikuwa Duniani! Hazikutikiswa na roketi, hazikupigwa na mionzi ya anga, hazikuvuta hewa ya chombo kile. Katoni moja stoo, nyingine mezani.

Mwaka 1985, safari ya Spacelab D1 ilibeba Biorack, chombo cha Shirika la Anga la Ulaya. Ndani yake mlikuwa na sentrifuji iliyozipa seli uzito sawa na wa Dunia zikiwa hukohuko angani. Sasa seli zote zilikuwa zimepanda roketi moja na kula joto moja. Zilizozungushwa ziliamka. Zisizozungushwa zililala. Cogoli alikuwa sahihi tangu mwanzo, lakini ni kisentrifuji kilichompa haki ya kulisema. Tangu hapo Wazungu wa Ulaya hawajaliacha jambo hilo: EMCS, mashine iliyofika Kituo cha Kimataifa mwaka 2006 kwa ajili ya mimea, ilikuwa na rota mbili za kuzungusha, na Biolab ya mwaka 2008 nayo ina mbili.

Ukifikiri vizuri utaona kwamba kule juu mashine huzungushwa ili kuurudisha uzito, na huku chini tunazungusha ili kuuficha. Kanuni ya kulinganisha ni moja. Vikombe viwili vifanane kwa kila kitu isipokuwa kile unachokiuliza.

Niliwaachia wanafunzi watafute namna, nikakaa kando. Ilichukua mchana mzima. Walirudi kwa fundi wakanunua mota ya pili, pacha wa ile ya kwanza. Vikombe viwili, mota mbili, katoni moja kubwa, waya mmoja wa kurefusha stima. Mota moja wakailaza, kikombe kikazunguka ubavu. Nyingine wakaisimamisha, kikombe kikazunguka kikiwa wima kama pia. Huyu wa pili anatetemeka vilevile, anapata joto lilelile, anavuta hewa ileile, anazunguka mara zilezile kwa dakika. Tofauti yake ni kwamba chini hubaki chini.

Mama alihamishia gunia lake jikoni, akafungua dirisha la stoo kutwa nzima.

Raundi ya kwanza, bila ndizi: vikombe vyote viwili vilitoa mashina membamba ya sentimita 10 hivi. Katika kile kilichosimama yote yalikwenda juu. Katika kilicholala yalitawanyika, na mzizi mmoja ulikuwa umeiacha shashi ukatoka nje ya mdomo wa kikombe, unaning'inia hewani, mweupe, ncha yake ikiwa na tone la maji. Huo ndio uliokuwa ushahidi wetu wa klinostati, na ulikuwa mdogo sana ukilinganisha na zile ndoana nene za mwanzo. Nilimwona mvulana mmoja uso umemshuka.

Raundi ya pili, ndizi mbili mbivu zikawekwa kwenye kona ya katoni. Siku ya tano vikombe vyote viwili vilikuwa na ndengu fupi, nene, zilizojikunja. Hata kilichosimama, ambacho hakikuwahi kupoteza chini yake. Hicho ndicho kilichomaliza ubishi.

Kichwa cha kazi yao kilikuwa kimeshaandikwa kwa kalamu nyekundu kwenye karatasi ya manila: "Ndengu Bila Uzito". Waliigeuza karatasi wakaandika upande wa pili kwamba kazi yao ni kuonyesha jinsi hewa inavyoweza kudanganya jaribio la uzito. Walijadiliana kama waseme walivyokosea mwanzoni. Mimi niliomba waseme, na picha za katoni ya kwanza wazibandike, kwa sababu bila hizo raundi ya ndizi haina maana kwa anayeiangalia.

Ila kikombe kimoja cha kila upande hakitoshi kuamini mzizi mmoja uliotoka nje. Wakaamua kurudia raundi isiyo na ndizi. Safari hii msichana wa kidato cha tatu alileta kutoka kwao saa ya zamani ya mezani, isiyo na betri, ya kuchomeka ukutani. Akaiunganisha kwenye waya uleule wa mota. Nilimuuliza ni ya nini.

"Stima ikipotea usiku, Mwalimu, hatutajua. Kikombe kilicholala kitasimama, na ndengu zitapata muda wa kujua chini ni wapi. Saa itatuambia."

Jumamosi asubuhi saa ilikuwa nyuma ya simu yangu kwa dakika 40. Tulifungua katoni. Urefu wa mashina ulilingana kama mara ya kwanza, na huo wakauandika daftarini. Lakini mizizi ya kikombe kilicholala ilikuwa na kipindi fulani, karibu na ncha, yote imepinda kuelekea upande mmoja.

Msichana akaipima mmoja mmoja kwa rula, akaandika pembeni: stima, dakika 40, mwelekeo usihesabiwe. Kisha wakamwaga ndengu zile, wakasuuza vikombe, wakaloweka nyingine.